Kuhusu Ile Mashine Uliyoniuliza

Bariadi, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umekaa, siyo umesimama bandani unajaribu kuinua ubao ambao daktari alikukataza. Mama anaendeleaje na kifua? Na mkono wako, bado unauma asubuhi za baridi? Mimi sijambo. Baridi nimeisahau. Huku jua linawahi kazini kuliko sisi, na nchi ni tambarare hadi macho yanachoka kwa kukosa mlima wa kuegemea.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nilikudanganya. Uliponiuliza, "Niambie, hiyo mashine inafaa au haifai?" nilisema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Mimi ndiye sikutaka kujibu. Mdogo wangu Editha akikusomea barua hii, asiruke mahali.

Uliniambia kwamba ikifaa utauza dume la nguruwe na zile mbao za akiba uinunue, uendelee na kazi. Isipofaa utafungia zana zako, na mimi nirudi Mbinga nishike banda. Kijiji chetu hakiwezi kulisha mafundi wawili wa milango, tunalijua hilo wote, ndiyo maana nilitoka. Kwa hiyo ulipouliza habari ya mashine, uliuliza pia kama nirudi nyumbani.

Sasa nikueleze niliyoyaona kwa mikono yangu.

Mashine ni ya Masanja, bwana mwenye karakana ninayofanyia kazi. Ni ndogo, urefu wake kama mwiko wa ugali, na betri imekaa kwenye mkia. Mbele unafunga kipande cha chuma chenye meno. Yale meno hayazunguki kama ya grenda. Yanatetemeka kushoto na kulia upesi sana, mpaka ukiyatazama unadhani yametulia. Sisi tunaiita nyuki kwa sauti yake. Ukibadilisha chuma unaweza kukata mbao, kukata msumari, kupiga msasa kwenye kona, au kukwangua saruji kati ya vigae.

Wiki iliyopita Masanja alinipeleka Dutwa kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Holo. Mwanawe amemwekea vigae sebuleni, sakafu ikapanda, milango ikagoma kufunguka. Fremu nazo zimeliwa na mchwa chini. Kazi ilikuwa kukata miguu ya fremu zikiwa zimesimama ukutani. Wewe kazi hiyo ungeifanya kwa msumeno na patasi, umelala kwa ubavu, siku nzima kwa mlango mmoja.

Siku ya kwanza niliharibu. Wewe ulinifundisha kwamba nguvu ya msumeno iko begani, nami nikaegemeza bega lote kwenye ile mashine. Ikaanza kulia vibaya, moshi ukatoka, mninga ukawa mweusi, na meno yakaisha makali kabla sijamaliza mguu mmoja. Mama Holo alikuwa mlangoni na bakuli la michembe, vile viazi vitamu wanavyovikata na kuvikausha. Akanusa.

"Mngoni, umekuja kukata au kuchoma?"

"Nakata, mama."

"Basi mimi nilikuwa na jiko tayari. Ningekuambia."

Mngoni ndiyo jina langu huku. Mwanzoni nilikuwa naeleza kwamba mimi ni Mmatengo, na wao wanasema sawa, Mngoni. Nimeacha kueleza.

Jioni Masanja alikuja kutazama. Hakunigombeza. Alishika mashine kwa vidole tu, akaigusisha mbao na kuanza kuipeleka taratibu huku na huku, kama mtu anayefuta vumbi. Ikazama yenyewe. Akasema, "Usiikandamize. Ukiikandamiza inashindwa kutetemeka, na isipotetemeka haikati. Wewe ishike tu." Mimi ambaye miaka yote nimefundishwa kukandamiza, ilinichukua siku nzima ya pili kuuzoeza mwili wangu kulegea.

Ndipo nikakufikiria wewe na mkono wako uliounga vibaya baada ya kuanguka darini. Kama haitaki nguvu, je, kiganja kisichopinda kinaweza? Siku ya tatu nikachukua kipande cha plaiwudi, nikakilaza chini ya kiganja hadi katikati ya mkono, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli, mkono wangu wa kulia ukawa kama wako. Nikafanya kazi hivyo tangu asubuhi.

Mama Holo akaniona. "Umevunjika lini?"

"Sijavunjika. Baba yangu ndiye mwenye mkono huu. Naujaribia mashine."

Akakaa kwenye ndoo. Kisha akasema, "Na huyo baba ana watoto wangapi wa kiume?"

"Mimi tu."

"Sasa unamjaribia mashine ya nini? Si urudi wewe."

Nikaiwasha mashine ili nisijibu. Yeye hakuondoka. Aliendelea kula michembe yake, na nilipozima akanisogezea bakuli. Baba, tangu nifike huku ni mara ya kwanza mtu kula na mimi kutoka chombo kimoja. Watu hawa si wabaya. Asubuhi wananisalimia mwangaluka, naitikia, tunacheka. Halafu wanaendelea na Kisukuma chao, nami najikuta nacheka baada ya wenzangu, kwa kitu nisichokijua. Kwenye nyumba niliyopanga tuko vyumba sita, lakini siku kama ya leo kila mtu ana kwao. Nimetoka kanisani, nimepika, nimekula, na sufuria bado ina ugali wa mtu wa pili. Mpaka leo sijui kupika wa mmoja.

Ulitaka nikuambie ubaya wake pia. Betri moja haifiki mchana, na huku umeme ukikatika tunakaa kutazamana. Kwa hiyo ununue yenye betri mbili, moja ikichajiwa pale kwa mwenye mashine ya kusaga. Meno ya mbao yakikutana na msumari yamekwisha, tafuta yale ya chuma, na usikubali ya bei ya chini kabisa, yanapinda. Usiitumie kupasua ubao mrefu, itakuchosha bure. Na ule mtetemo unatia ganzi vidoleni. Mimi nilikuwa napumzika kila nikimaliza mguu mmoja wa fremu, nawe ufanye hivyo hata kama mteja ananung'unika.

Lakini siku ile, na mkono wangu umefungwa, nilimaliza milango miwili. Nilichimba nafasi ya kitasa. Nilichimba za bawaba nne. Kona za fremu nilizipiga msasa hadi Mama Holo akapitisha kidole akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiganja hakikupinda hata mara moja, na hakikuhitaji kupinda.

Sasa nikuambie la mwisho. Niliporudi Bariadi nilikuandikia barua nyingine. Ilikuwa fupi. Nilisema mashine ni ya watoto, inaunguza mbao, betri haidumu, haifai, usiuze kitu, nakuja. Yote niliyoyaandika yaliwahi kutokea, kwa hiyo hata sikuona kama nadanganya. Nilikaa nayo mfukoni mwa shati siku mbili. Mkatisha tiketi wa basi akaniuliza kama nasafiri, nikasema siku si nyingi.

Kilichonishinda ni zile patasi zako. Nilikuwaza unazipaka mafuta, unazifunga kwenye gunia, unanikabidhi mlangoni, nami nazipokea nikijua mkono wako bado ulikuwa na kazi yake. Nisingeweza kutengeneza hata kiti kwa zana hizo. Nikaitoa ile barua mfukoni. Nikaichana.

Kwa hiyo jibu ni kwamba inafaa, Baba. Uza dume, mbao ziache, mimi nitaongezea. Siku za mwanzo utaikandamiza kama mimi, maana bega lako ndilo lililonifundisha. Ukiona moshi, inua mkono, uanze tena polepole.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kifua aimalize hata akijisikia nafuu. Msalimie shangazi wa kule bondeni na mume wake. Katekista mwambie nasali, ingawa nyimbo za huku midomo yangu bado inazikosea. Editha, ahsante kwa kumsomea Baba. Akikuomba urudie mahali, msomee tena.

Kesho tunaenda Zagayu, kuna shule inataka milango yake ikatwe. Mashine nitaishika mimi. Masanja anasema hakuna mwingine anayeifahamu zaidi.

Mimi mwanao, ninayebaki huku,

Osmund