Futa Kabla ya Kukata Tena

Mjukuu wangu Rahma,

Assalaam aleikum. Sisi wa Kilburn wazima. Bibi yako kanunua mihogo Peckham, imetoka migumu, na lawama nimezipata mimi.

Umeniuliza kama uache uuguzi huko Glasgow kwa kuwa umefeli mtihani mmoja.

Miaka ya tisini nilikuwa najifunza ufundi wa bunduki hapa London. Ikaletwa bunduki kuukuu ya risasi moja moja, risasi zake hazitengenezwi tena. Nikapewa kuitanua chemba, pale risasi inapokaa, ipokee risasi kubwa zaidi. Nilikata kidogo, nikatia kipimo chenye umbo la risasi. Mlango wa bunduki, ule unaoziba nyuma ya risasi, haukufunga. Nikakata tena, bado. Nilipotaka kukata mara ya tatu, mwalimu wangu, Mzee Harbans wa Nairobi, akanishika mkono.

"Umefuta?"

Nikafuta. Kitambaa kikatoka na chenga ya chuma, ndogo kuliko chembe ya mchanga. Nikarudisha kipimo, mlango ukafunga. Kazi ilikuwa imeshakwisha, nami nilikuwa mbioni kuiharibu, maana chuma kikishakatwa hakirudi.

Basi njoo Ijumaa, ule, ulale. Habari ya kuacha tutaizungumza Jumapili, kama bado unaitaka.

Mihogo ipo.

Babu yako