Marinda Tuliyoyashona Hounslow

Mpendwa Mama,

Leo nimeletewa tutu nyeupe nyingine, ile sketi fupi ya baleti. Nilipoitoa kwenye mfuko wake ikafunguka, ikajaza meza yote, na mimi nikabaki nimeduwaa kama sijapata kuiona sketi ya namna hiyo maisha yangu.

Unakumbuka ya kwanza uliyoiona? Mume wangu Bakari alikuwa ndiyo kwanza amekuleta kwetu hapa Hounslow, London, baada ya Baba kufariki. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, umejitanda mtandio na koti juu yake, nami nikakueleza kwamba kazi yangu ni kushona nguo za wacheza baleti kwenye karakana moja chini ya njia ya reli. Ukaigeuza, ukaichungulia kwa chini, ukaniuliza, "Sasa hii, mwanangu, yafunika nini?" Nikakwambia haifuniki kitu, imeshonwa ili miguu ionekane. Ulicheka hata ukakohoa. "Na mwenye kuivaa ana mama?"

Hayo yalikuwa kabla ya figo zako kuchoka. Baridi ile ya kwanza haijaisha, ukawa mtu wa kupelekwa hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, unafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu tangu asubuhi hadi mchana. Siku za katikati ulikuwa umechoka mno kushuka ngazi, na lifti yetu unaijua, siku zote mbovu. Mwanao Bakari anapakia mizigo ya wasafiri pale uwanja wa ndege, na ndege zikawa zinapita juu ya paa letu kutwa. Kila moja uliniuliza, "Hii yaenda wapi?"

"Sijui, Mama."

"Bakari ajua," ulisema. Lakini yeye hukumwuliza.

Nikaomba ruhusa nifanyie kazi nyumbani ili usikae peke yako. Ndipo chumba chako kikajaa tutu, zimening'inizwa juu chini kwenye bomba la pazia ili marinda yasilegee. Ulikuwa unalala chini yake. Ulilalamika kwamba kufumbua macho na kuona matako ya nguo yamekukabili si heshima, lakini nilipotaka kuziondoa ulikataa. Ulisema angalau ni kitu cha kutazama.

Wewe na mimi tulishona nyingi, Mama. Nilikuonyesha jinsi tabaka za neti zinavyopandana, fupi kabisa ikiwa chini karibu na paja, ndefu kabisa ikiwa juu, kila moja imekunjwa marinda na kushonwa kwenye chupi. Nikakuonyesha ile kazi ya mwisho inayochosha kuliko zote: kushikiza tabaka moja na ya pili kwa nyuzi zilizolegea, ili sketi itande kama sinia lakini ipumue mchezaji anaporuka. Ukikaza, inakunjamana. Ukilegeza mno, inaanguka kama mwavuli uliovunjika. Mkono wako wa kushoto, ule waliouwekea mshipa wa kuchomekea sindano za mashine, ulikuwa unaulaza tu juu ya neti kuizuia. Wa kulia ndio uliokuwa ukishona, na subana kidoleni, ile ya tangu enzi ulipokuwa ukimshonea Baba kofia. Kuna mishono yako iliyokwenda jukwaani, na ni mimi peke yangu ninayeijua.

Siku moja uliniuliza nani aliyeanza mambo haya. Nikakusimulia nilichosikia kwa bosi wangu. Kwamba zamani, huko Paris, sketi zilikuwa ndefu, zinafika chini ya magoti, nyeupe, nyepesi kama ukungu. Kwamba wachezaji walipozidi kuwa hodari wa miguu, watu wakataka kuiona, sketi zikapandishwa kidogo kidogo mpaka zikafika hapa. Na kwamba siku zile jukwaa liliwashwa kwa taa za gesi, moto wenyewe, na sketi ikipita karibu ilishika. Wasichana waliungua mbele ya watazamaji.

Uliweka sindano chini. "Hapakuwa na dawa?"

Nikakwambia ilikuwepo, nguo ilichovywa kwenye maji ya dawa isishike moto. Lakini ilikuwa inaikakamaza na kuifubaza rangi, na wengine wakaikataa.

"Walijua wataungua?"

"Walijua wanaweza kuungua."

Kisha ukasema, "Basi waliulizwa," ukaokota sindano yako.

Sikukuelewa siku hiyo. Nilikuelewa Jumatano iliyofuata, Bakari alipopewa zamu asiyoweza kuikataa na mimi nikakupeleka hospitali badala yake. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akikutafsiria. Daktari, yule msichana mwenye miwani, akavuta kiti akakaa, akaniambia nikuulize kama bado ungependa kuendelea na matibabu. Nikakuuliza. Ukanitazama kana kwamba nimekutukana.

"Kwani mimi huulizwa?"

Nikamtafsiria daktari maneno hayo. Akasema ndiyo, wanakuuliza kila baada ya muda, na mwanao hujibu kwamba unaendelea.

Nakumbuka ulivyofumba macho. Kisha ukasema polepole, ukinipa nafasi ya kila neno: "Mwambie nashukuru, wamenitendea wema. Lakini hapa nimefungwa, na kule nyumbani kwa Bakari nimefungwa. Nataka kurudi kwetu Lamu. Mwambie najua mashine ikiachwa nitakufa. Mwambie najua."

Nikamwambia. Akakuuliza tena kwa njia nyingine, na nyingine tena, nawe ukajibu vilevile.

Jioni Bakari alisimama jikoni na koti lake la kazi. "Umemwambia daktari mama yangu ataka kufa?"

"Nimemwambia alichosema."

Ukatoka chumbani umeshika ukuta. "Usimgombeze. Nimesema mimi. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea." Akapiga magoti, akaegemeza kichwa tumboni pako, mwanamume mzima, akalia kama mtoto. Baada ya siku chache alikubali, akakupandisha ndege mwenyewe, akakufikisha Lamu. Mimi sikuweza kuja. Pasipoti yangu ilikuwa uhamiaji ikisubiri viza, na ningesafiri ombi lingefutika. Nilikuaga mlangoni, ukanishika uso kwa mikono yote miwili, hata ule wa mshipa.

Ulinipigia simu mara moja tu. Sauti ilikuwa nyembamba. "Nimelala kitandani kwangu," ulisema. "Madirisha yote wazi." Siku chache baadaye Bakari akanipigia, na kabla hajatamka neno nilijua.

Amerudi, Mama, lakini hajarudi kwangu. Analala chumbani kwako. Tutu alizitoa siku ile ile aliyorudi, sasa ziko juu ya kabati langu na nyingine bafuni. Ananisalimia, anakula ninachopika, anaosha sahani yake. Viza yangu imesimama juu ya jina lake. Nikitoka kwake sina pa kukanyaga katika nchi hii, na kwetu Mombasa mama yangu anamwambia kila mtu kwamba nimestarehe. Natoka hapa naingia karakana isiyo na dirisha, natoka karakana narudi hapa. Ndege zinapita. Kuna asubuhi nafungua mlango wa nje na kusimama tu kwenye ngazi.

Jana jioni nilikuwa hapa nyumbani nashikiza marinda alipokuja kuketi mbele yangu. Hakuwa ameketi hapo tangu uondoke. Akasema kwa upole ambao nilikuwa nimeusahau, "Rukia, Kiswahili cha mama kilikuwa cha Lamu, cha ndani sana. Yamkini hukumwelewa vizuri. Yamkini ulikosea tu. Ukiniambia ulikosea, mimi sitakulaumu. Yatakwisha."

Nilimwona, Mama. Hakuwa ananitega. Alikuwa ananisihi. Neno moja tu, nami ningepata mume wangu, kitanda changu, nyumba yenye sauti. Wewe usingekuwepo kunikanusha. Nilitamani kulisema.

Nikamwambia, "Sikukosea, Bakari. Alisema, na aliulizwa zaidi ya mara moja."

Aliinamisha kichwa. Akainuka, akachukua koti, akaenda zamu yake ya usiku. Sijui atakaporudi ataketi wapi.

Pumzika, Mama, Mungu akulaze pema. Mimi bado niko ndani. Lakini nataka ujue kwamba maneno yako sikuyapunguza, na sitayapunguza.

Mkweo,
Rukia