Barua ya Uzoefu ya Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii uifungue ukiwa umekaa, watoto wakiwa shuleni na mama akiwa amejilaza chumbani kwake. Mgongo wake unaendeleaje? Yule wetu mdogo ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia siku kumi na saba sasa.

Barua yako niliipata Jumanne. Umesema hutakuja rumande kumwona mumeo. Umesema umemvumilia miaka sita akikuimbia habari za ng'ambo, na kwa hasira za dakika moja ameitupa safari jalalani. Ukaniuliza mimi niliyesoma kama mtu mzima anaweza kuwa mpumbavu kiasi hicho. Nakuomba, dada, usimhukumu kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi.

Wewe uliijua safari, lakini karatasi zake nilizijua mimi. Wale watu wa ng'ambo hawamchukui kila anayejua kuchochea sufuria. Wanataka cheti cha chuo cha upishi, na shemeji anacho. Wanataka mtihani wa lugha, naye aliufaulu mara ya pili. Wanataka cheti cha polisi kwamba hujawahi kuingia kwenye makosa. Zaidi ya yote wanataka barua ya uzoefu: miaka mitatu kamili ya kazi ya mpishi mwenye ujuzi, si kuosha vyombo wala kupasha chakula kilichopikwa na wengine. Ieleze anapika nini, anasimamia wangapi, saa ngapi kwa wiki, na itiwe sahihi na mkubwa wake.

Mkubwa wake, kama ujuavyo, ni mpishi mkuu wa hoteli yetu. Wapishi humwita Kamanda, naye jina hilo amelipenda. Shemeji hakukwambia mengi kumhusu. Mwaka jana Kamanda alivunja vidole viwili vya mwosha vyombo kwa mlango wa friza, nami, karani wa utumishi, nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mwosha vyombo aliteleza. Kamanda huyo huyo alimpiga mpishi wa mboga kwa upawa mgongoni mpaka mpini ukakatika, kisha akamtuma stoo akalete upawa mwingine. Lile kovu la mguuni kwa shemeji, alilokuambia ni ajali, ni supu ya moto aliyomwagiwa kiatuni kwa kuchelewesha sahani. Alimaliza zamu na kiatu kile kile.

Barua ya uzoefu niliiandika mwenyewe, nikairudia mara nne. Meneja wetu, yule mama mpole, aliniambia nimletee aitie sahihi mambo yaishe. Nikakataa kwa adabu. Niliogopa kwamba watapiga simu kuhakikisha, wagundue kuwa meneja hajawahi kukanyaga jikoni, na shemeji aonekane tapeli. Nikasema anayefaa ni aliyemwona akipika. Juzi nimewauliza kwa simu, wakanijibu kwamba sahihi ya mkubwa yeyote wa mwajiri ingetosha. Hebu fikiria, dada. Ningebaki juu kwenye kiti changu.

Nilishuka saa tisa alasiri. Wapishi wengine walikuwa uani wakipakua nyama garini. Jikoni alikuwa Kamanda, na shemeji akisafisha bamba la kuchomea, lile la chuma ambalo halizimwi mchana kutwa. Nilimpa Kamanda karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma kwa sauti kama anayesoma kichekesho. Alisema eti huyu ndiye anayesimamia wapishi wanne, huyu ambaye hata kivuli chake hakimsikilizi! Akaniuliza, Bwana Kalamu, mbona nimesahau kuandika kwamba ana ujuzi wa kulia. Mimi nikacheka, dada. Nilicheka ili asinipige.

Kisha akasema sahihi atatoa, lakini mpishi wake haondoki bila alama yake, wakubwa wa huko wajue katoka mkononi mwa nani. Akamkamata shemeji kifundo cha mkono wa kulia, akaukandamiza mkono ule juu ya bamba.

Sauti ya ngozi juu ya chuma cha moto unaijua, ni ile ile ya nyama ikichomwa. Kilichonitisha zaidi ni kwamba shemeji hakuuvuta. Alikuwa analia machozi huku anasema, sahihi, Kamanda, sasa tia sahihi. Kamanda akacheka, akamwambia bado upande wa pili, akaugeuza.

Polisi wameandika kwamba hapo ndipo mtuhumiwa alipochukua nyundo ya kulainishia nyama na kumpiga mkubwa wake kichwani mara tatu. Wapishi waliporudi walimkuta shemeji kaishika, na Kamanda sakafuni, taya limevunjika, jicho la kushoto halitazamiki. Hajafa. Ameamka, ila hakumbuki lolote. Shemeji amekiri.

Dada, shemeji anadanganya. Mkono wake ulikuwa umekamatwa bambani, angepigaje? Kamanda alipigwa kwa nyuma. Ni mimi niliyempiga.

Sitaki nijipambe. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa shemeji. Kamanda alianguka pale pale. La pili na la tatu nilimpiga akiwa chini, na nilijua yuko chini. Shemeji ndiye aliyeninyang'anya nyundo, kwa mkono ule ule ambao ngozi yake ilikuwa imebaki kwenye chuma. Akaniambia nipande juu, leo sikushuka, na kwamba wewe ulinikabidhi kwake. Nikapanda. Nikafua mikono ya shati langu bafuni. Polisi walipokuja kuulizia faili la mumeo, niliwapa mimi, nikiwa nimelipanga vizuri kwa tarehe.

Kesho saa mbili asubuhi nakwenda kituoni. Barua hii nitaiposti kwanza, kwa sababu najijua. Naweza kufika mlangoni nikageuka.

Wakishamwachia, mpeleke hospitali, asingoje. Meneja ameshatia sahihi barua ya uzoefu, iko kwake. Cheti cha polisi akiombe baada ya kesi kufutwa, si kabla, na maombi yafike kabla mwezi wa tisa haujaisha. Mwambie nimemkosea.

Mama umwambie wewe, taratibu. Wabusu watoto. Wasalimie jirani zetu wote wanaoniulizia.

Kila ukurasa nimeuandikia tarehe na jina langu kamili. Ukipata barua hii na mumeo bado yuko ndani, ujue niliogopa tena. Basi usinihurumie, dada. Ichukue barua hii, uwapelekee polisi.

Mimi mdogo wako,
karani