Mashine Moja, Vyumba Viwili

Jumanne, 4 Aprili
Mvua haina mpango wa kukatika. Leo baba mkwe kanifundisha kusoma kipima unyevu cha chumba chake cha stempu. Mshale ukae hamsini. Ukipanda, gundi inalainika na stempu zinagandana. Ukishuka mno, zinajikunja. Mimi na akili zangu nikataka kufungua dirisha, eti hewa iingie. "Mwanangu, ya nje imelowa kuliko ya ndani!" Kumbe! Stempu hizo alizikusanya na marehemu mkewe. Akishika moja kwa kibano, hata pumzi anaibana. Raha kumtazama.

Alhamisi, 6 Aprili
Vituko! Wifi kaanika nepi za mwanangu mle chumba cha stempu — ndiko zinakokauka upesi, anasema. Mshale sitini na tano! Nikajua leo ni leo. Mzee wala hakufoka. Kazianua, kazikunja vizuri, kaniletea. Kasema tu wifi yangu akipata nafasi ataanika na godoro. Kisha kakaa na mashine yake ya kukausha hewa, anamwaga maji yaliyojaa, anarudisha chombo, mpaka mshale ukateremka. Subira hiyo mimi sina.

Jumamosi, 8 Aprili
Mtoto kifua kinakoroma. Daktari kasema ni ukungu wa ukutani chumbani kwetu, hewa ikaushwe haraka. Mume wangu kazunguka maduka yote: mashine hakuna mpaka wiki ijayo. Mzee sijamwambia. Ningeanzaje?

Jumapili, 9 Aprili
Nimetoka bafuni, mashine inanguruma kando ya kitanda cha mtoto! Kumbe mume wangu kamwambia, na mzee kaibeba mwenyewe, na mgongo wake ule. Nikamkimbilia — Baba, na stempu je? Ati zimeshazoea mvua. Uongo mtupu! Kule mshale umefika sabini. Nampenda mzee huyu. Naandika hapa kwa sababu kumwambia naona haya.

Nikasema basi tuhamishie albamu za stempu chumbani kwetu. Hataki: watu wanapumua, mtoto anakojoa, unyevu tu. Nimebeba rundo la kwanza bila ruhusa. Kanifuata na la pili, kasimama mlangoni, kalikumbatia. Anauliza kama vumbi la albamu halitamzidishia mtoto. Namwambia aingie, Baba, zinalowa hizo. Anasema atangoja kwanza mtoto aache kukohoa.