Fundi wa Virusi Amekalia Kiti Changu

Mpendwa Shangazi Phelister,

Nakusalimu kutoka mtaa wa Tena na nakuomba usinicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu mimi ni mtu mzima, karani wa baraza, mzee wa kanisa, baba yake Vivian, na sikuwahi kufikiri nitaliandikia gazeti kuhusu kompyuta. Mke wangu Nabwire hupiga chapa kazi za watu hapa nyumbani, kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na zaidi sana vile vijitabu vya mazishi ambavyo watu wetu hawawezi kusafirisha mwili kwenda kwetu magharibi bila kuwa navyo, na tangu tununue ile kompyuta ya mtumba tukaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, mambo yalikuwa shwari mpaka mteja mmoja alipoleta disketi yake.

Tangu siku hiyo, kila akiwasha mashine kinatokea kidirisha chekundu kinachosema kwa Kiingereza kwamba kompyuta ina virusi, kila kitu kinafutwa, usiizime, mwite mtaalamu, na namba zinapanda mpaka mia moja, kisha kinanyamaza na kazi zake tunazikuta pale pale. Mara ya kwanza aliniita, "Baba Vivian, kuja uone hii kitu, naogopa," nami nilikuwa nasikiliza mpira kwenye redio, nikamwambia atafute fundi. Shangazi, nilimwambia atafute fundi, sikumwambia atafute Oketch.

Huyu Oketch ni kijana wa mtaa wa Umoja, mrefu, shati limenyooshwa hadi kwenye kola, ananukia manukato. Akija anakaa kwenye kiti changu, eti ndicho kinachofikia meza, na chai anapewa katika kikombe changu, kile kikubwa chenye mfuniko ambacho hata kaka zangu wakitoka Busia hawakigusi, na nilipomuuliza Nabwire mbona kikombe changu, akanijibu, "Si ndiyo ilikuwa imeoshwa? Ama mgeni akunywe na sufuria?" Kijana mwenyewe anamwambia, "Usijali siste, hii ni kitu kidogo," na mke wangu anacheka kicheko ambacho mimi sijakisikia tangu Vivian azaliwe. Kidirisha kinaondoka, keshokutwa kimerudi, na Oketch naye amerudi. Wivu ukanishika kabisa. Nikaanza kutoroka kazini mapema. Nikaanza kunusa kiti.

Jumamosi iliyopita nilifika nikawakuta vichwa vimekaribiana mbele ya skrini na mapazia yamefungwa mchana kweupe. Nabwire anasema jua lilikuwa linapiga kioo, na kwamba kidirisha kilikuwa kimeshaondolewa, Oketch alikuwa anamsomea tu maandishi ya mkono ya mteja kwa kuwa yalikuwa mabaya. Nilitoka nje nikazima umeme pale kwenye mita. Kumbe kilichokuwa kikiandikwa ni kijitabu cha mazishi cha marehemu mzee Opicho, jirani yetu, na Nabwire alikuwa amefika kwenye majina ya wajukuu na hajahifadhi kazi hata kidogo, na gari la kubeba mwili lilikuwa linaondoka jioni ile. Kikapotea chote. Mzee alizikwa bila kijitabu, historia yake ikasomwa kwa kubabaisha, na wajukuu wengine hawakutajwa.

Nabwire hakunipigia kelele. Alifunika kompyuta, akamchukua Vivian, akaenda kwa dada yake Triza kule mtaa wa Baba Dogo. Mlangoni aliniambia, "Siku utajua mimi ni nani kwa hii nyumba, utanipata huko."

Sasa niambie, nimfuate, au nikae ngumu mpaka akubali kwamba Oketch hatakanyaga tena kwangu? Maana mimi naona ni huyo fundi anayeleta virusi ili apate sababu ya kuja.

Ni mimi Patrobas, mwenye wivu lakini si mjinga.

SHANGAZI ANAJIBU

Patrobas,

Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa nimesimama, kwa sababu hasira zilikataa nikae. Pole kwa ukimya wa nyumba. Wivu unauma, na sitajifanya sijui unavyouma. Lakini kwanza nikukaripie.

Nilimwuliza Kavata, anayetunza kompyuta hapa gazetini, kuhusu hicho kidirisha chekundu. Alicheka. Anasema ni mzaha tu, programu ndogo ya kutisha watu inayopitishwa kwa disketi, na ikishaingia inajitokeza yenyewe kila mashine inapowashwa. Kitu kinachodai kufuta kila kitu, namba zikafika mia, na kazi zote bado zipo, kinakudanganya. Bila shaka Oketch alikuwa akikifunga bila kukitoa. Pengine hajui, pengine anapenda chai. Huna ushahidi, kwa hiyo hilo neno la kuleta virusi usilirudie mbele ya mtu.

Muda wote huu kidirisha hakijafuta hata herufi moja ya Nabwire. Wewe ulifuta kazi yake yote kwa kidole kimoja.

Na kuna jambo umeliandika mwenyewe ukalipita mbio. Mkeo aliogopa, akaita. Alimwita nani? Wewe! Kiti kilikuwa wazi, bwana, ukaambiwa njoo, ukasema una mpira. Leo unalia kwamba mwenzako amekikalia.

Fanya hivi. Kabla ya kwenda Baba Dogo, nenda kwa familia ya Opicho ukaseme kwamba ni wewe uliyezima umeme, maana bila shaka hadi leo wanaamini Nabwire ndiye aliyewaangusha, na jina lake la kazi ndilo linalomlisha. Waombe yale maandishi ya mkono, ili kijitabu kichapishwe upya kwa siku ya ukumbusho, wewe ukisoma majina ya wajukuu na Nabwire akiandika.

Halafu nenda kwa Triza peke yako. Usitume kaka, usitume mchungaji. Jina la Oketch lisitoke kinywani mwako. Omba radhi kwa ulichokifanya, unyamaze.

Mkirudi nyumbani, washeni mashine mkiwa wawili. Kidirisha kikitokea, kifungeni. Bonyezeni Start, mwingie Programs, kisha StartUp. Mkikuta humo jina msilolijua, lifuteni. Tafuteni disketi halali ya kukagua virusi vya kweli, na disketi yoyote ya mteja ipimwe kabla ya kufunguliwa. Mkeo naye ahifadhi kazi kila anapomaliza ukurasa.

Akikuambia bado anafikiria, sema sawa, urudi mtaani Tena ukangoje. Safari hii ni zamu yako kuogopa, na hakuna fundi wa kumwita.

Shangazi Phelister