Kipigo cha Ghorofa ya Nne

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko ugenini? Shemeji na watoto hawajambo? Baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Mimi ni mzima, ila shingo yangu ina alama za vidole, na nimeshika kalamu kabla hujafikiwa na maneno ya watu.

Vidole hivyo ni vya baba yako, mjomba wangu.

Unajua mjomba ndiye aliyenitoa mapokezi akanifundisha kuuza majengo ya biashara. "Usitazame marumaru," alikuwa akiniambia, "tazama wapangaji. Tajiri hanunui kuta, ananunua kodi." Nilimbebea mkoba, nikapanda naye mapaa kukagua matangi, nikatukanwa na walinzi kwa niaba yake. Jengo likiuzwa, sifa zake. Sikunung'unika, nilikuwa najifunza.

Mwaka huu nikaanza kujitegemea. Mjane mmoja mwenye jengo la maduka na ofisi karibu na stendi akanikabidhi mimi nimuuzie. Kumbe mjomba alilimezea mate jengo hilo tangu mume yu hai. Akanipigia simu: "Umeninyang'anya tonge mdomoni!" Nikamwambia mjane mwenyewe ndiye aliyechagua. Akakata.

Siku ya kumwonyesha mnunuzi tulikuwa ghorofa ya nne, kwenye ofisi tupu: mimi, mnunuzi na mhasibu wake. Mjomba akaingia, hata salamu hakutoa. Alinizaba kofi nikaona nyota mchana, kisha akanikaba koo na kunibamiza dirishani. Kioo kikapasuka kwa kisogo changu. "Mimi ndiye niliyekutengeneza!" alifoka, mate yakinirukia usoni. Mhasibu akamvuta koti. Akala kiwiko cha pua, damu ikamchuruzika hadi kwenye shati. Pumzi zilikuwa zinaniishia. Nyuma yangu palikuwa na upepo tu, na honi za barabarani.

Mkono wangu ukagusa mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani. Nikauchomoa, nikampiga nao kwenye taya. Nilisikia mfupa ukivunjika, dada. Akaniachia, akapiga magoti. Nikampiga tena, begani. Pigo hilo la pili halikuwa la kujiokoa.

Sasa taya lake limefungwa kwa waya, anakula kwa mrija. Mama yangu anataka niwaambie polisi kwamba aliteleza ngazini, tusije tukaanikana. Nimekataa. Nimewaeleza yote, pigo la kwanza na la pili. Nilikwenda kumwona wodini. Aliponitambua, akageukia ukutani. Nikakaa hivyo hivyo, mpaka muuguzi akanitoa.

Jengo limeuzwa. Tulipotia saini, mnunuzi aliniuliza nani alinifundisha kazi vizuri namna ile. Nikamwambia, "Mjomba wangu." Akanitazama shingoni, akafunika kalamu yake.

Ukija, usifikie kwangu. Nenda hospitali kwanza, ukamsikilize baba yako, kama ataweza kusema. Baada ya hapo, ukiwa bado unataka kuniona, mlango uko wazi na kitanda nitakuachia.

Nisalimie shemeji na yule mtundu wako wa mwisho. Bibi anakusalimu sana. Yeye anajua mwanawe amesafiri, tafadhali usimwambie kitu. Mungu akutunze huko uliko, na amponye baba yako.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Kiroboto