Dawa ya Meno, Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Machi 1995
Fomu kumi leo hapa Ruiru. Hakuna aliyefika nusu ya alama ishirini. Miguu imevimba. Kazi yangu ni kusoma maswali vile yameandikwa, kuweka alama na kunyamaza. Daktari wa meno aliyetuajiri anapima watu wazima wanaelewa nini juu ya meno. Wote wanaangukia swali la tatu, unatumia dawa ya meno mara ngapi, na mengine yanayolifuata.

Jumanne, 7 Machi
Mugutha. Tunaingia kila nyumba ya tano. Ya tano ikawa kwa mama yangu. Nikamsomea kama mgeni. Dawa ya meno? "Sijawahi. Meno yangu haijawahi kuuma." Sifuri. Fomu namba kumi na nne. Mama ana meno yote, na akipiga mswaki asubuhi majirani wanasikia. Nimekasirika, sijui na nani.

Jumatano, 8 Machi
Ofisini Thika daktari alisoma fomu ya mama mbele ya wote. Huyu hajui kitu, akasema. Walicheka. Na mimi nikatabasamu, mjinga mimi. Ijumaa anaandika ripoti kwamba watu wa huku hawajui hata mswaki.

Alhamisi, 9 Machi
Nimejua. Nilikuwa napiga mswaki, nikaona maandishi madogo kwenye tyubu: dawa ya meno. Nani huita hii kitu dawa? Sisi tunaiita kwa jina la kampuni, hata ikiwa ya kampuni ingine. Dawa ni ya mgonjwa. Dawa ya meno ni ile tembe unakimbilia dukani jino likikunyima usingizi. Watu walijibu sawa kabisa. Swali ndilo limeanguka.

Nikamwambia daktari. Akasema fomu imeandikwa na wasomi. Nikamwambia namba kumi na nne ni mama yangu. Nikaomba tuulize tena, tyubu ikiwa mkononi. Akakubali, lakini atauliza yeye mwenyewe. Nikikosea, kazi basi.

Ijumaa, 10 Machi
Daktari alikalia kigoda cha mama, akainua tyubu. Hiyo? Asubuhi na jioni, mama akasema. "Kwani hiyo ni dawa? Mimi si mgonjwa." Daktari alijicheka mwenyewe. Mama akapata kumi na saba kwa ishirini. Majirani pia alama zao zimepanda. Amefuta swali kwa kalamu nyekundu, akaniambia niandike lingine. Mimi, niliyeishia form four. Najivunia na sitajificha.

Jumapili, 12 Machi
Mama hajawahi kukaa darasani. Tukitoka kanisani aliniuliza polepole kama alipita. Nikamwambia alipita. Akauliza jina lake limeandikwa wapi. Hatuandiki majina, nikasema, ni namba tu. Halafu akanipa kitabu chake cha nyimbo, akafungua ukurasa wa kwanza, mahali pa jina. Nikaandika 14.